Wacha Mtoto Avae Kofia

Wasee wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, na nyinyi wa Kerugoya mnaosoma kimyakimya bila kulaiki: leo sina stori ya muziki wala ya mpira. Leo naongea juu ya kofia. Ndiyo, kofia. Ile ya mitumba unayookota Karatina kwa mia moja ukibargain vizuri.

Msimamo wangu ni huu: shule yoyote ya hapa kwetu inayomwambia mtoto mdogo atoe kofia akiwa nje juani inamkosea huyo mtoto. Na kama mtoto ana ualbino, hapo hatuongei tena kuhusu nidhamu. Hapo ni maisha yake.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. "Jua gani Nyeri? Si huku ni baridi tupu?" Hapo ndipo shida inaanzia, kwa hivyo tuanze hapo.

Sisi tunapima jua kwa joto. Tukitokwa na jasho, tunasema jua ni kali. Tukiwa ndani ya sweta na meno yanagongana mwezi wa saba wakati wa gathano, tunasema hakuna jua. Lakini kinachounguza ngozi si joto, ni miale ya UV, na hiyo huwezi kuiona wala kuisikia. Shirika la Afya Duniani linasema kila ukipanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, miale hiyo inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Nyeri mjini tuko karibu mita 1,750. Nanyuki wako juu zaidi, karibu mita 1,950. Maana yake ni kwamba siku ya anga safi, mtoto wa Nanyuki aliyevaa sweta anaweza kupigwa na miale mingi kuliko mtoto wa Mombasa anayelalamika joto. Na mawingu yasikudanganye. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya hiyo miale.

Ongeza hapo kwamba tunaishi juu ya ikweta. Nanyuki mstari wenyewe unapita pale pale, watalii wanapiga picha na kuonyeshwa yale mambo ya maji kwenye beseni. Hebu siku moja waangalie hao watalii vizuri. Kofia pana, miwani ya jua, shati la mikono mirefu, uso umepakwa losheni mpaka unang'aa. Wanaopanda Mlima Kenya ni hivyo hivyo. Sasa tembea kidogo tu uingie shule ya msingi iliyo karibu: watoto wa PP1 wamesimama paredi, kichwa wazi, wanasubiri tangazo la nne. Jua ni lile lile, bana.

Na sisi wenyewe tunajua jua ni nini. Mama anayechuma majani chai kule Othaya hawezi kwenda shambani bila kofia au kitambaa kichwani. Wamama wa sokoni Karatina wanakaa chini ya mwavuli mkubwa. Mtu wa boda akipaki stendi anatafuta mti. Kila mtu mzima wa hizi ridges ana akili ya kutafuta kivuli. Mtu pekee ambaye hana ruhusa ya kujifunika ni mtoto wa miaka sita, na amenyimwa na watu wazima.

Saa mbaya kabisa ni ipi? Watu wengi watakwambia saa sita kamili. Kwetu si hivyo. Saa tunazotumia Kenya zimepangwa kufuata mstari ulio mashariki yetu, kwa hivyo hapa Nyeri jua linafika juu kabisa kama saa sita na nusu. Sasa fikiria ratiba ya shule. Saa sita na nusu watoto wako wapi? Wako laini ya chakula, ama wako uwanjani wakikimbia, sahani mkononi. Tumechukua dakika mbaya zaidi za siku nzima na hapo ndipo tumewatoa wote nje.

Sasa wacha niwe mkweli kuhusu jambo moja, maana sitaki kuuzia mtu hofu. Watoto wengi wetu wana ngozi nyeusi, na melanini inafanya kazi yake. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua si kitu cha kawaida kwa watu weusi. Kwa hivyo sisemi kila mzazi wa Mukurweini akimbie duka la dawa kununua losheni ya bei ghali. Melanini hata hivyo haizuii kiu, haizuii mtoto kuzimia paredi, na haifuniki macho. Kwa hao wengi, kivuli, maji na kofia vinatosha. Si ombi kubwa.

Kwa mtoto mwenye ualbino hesabu ni tofauti kabisa. Mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, kwa hivyo ile kinga ambayo mimi na wewe tulizaliwa nayo, yeye hana. Ngozi yake inaungua haraka. Na kuungua huko hakuishi tu malengelenge yakipona. Madhara yanajikusanya mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana Afrika watu wengi wenye ualbino hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Ukiona kidonda kimekataa kupona kwenye uso wa mtu wa miaka 25, jua kazi hiyo ilianza zamani, labda akiwa kwenye uwanja wa shule, Gredi 2.

Nilisoma na mmoja. Jina lake na la shule sitataja. Alikuwa na kofia ya bluu, mamake alimshonea ukingo mpana mbele na nyuma. Kila Jumatatu wakati wa bendera aliambiwa aitoe, kwa sababu "haiko kwenye yunifomu." Alikuwa anatoa, anainamisha kichwa, anafunga macho. Walimu walidhani anasinzia. Sisi tulidhani ana aibu. Kumbe mwanga ulikuwa unamuumiza macho, maana ualbino unagusa macho pia: mtu haoni mbali, na mwanga mkali unamtesa. Na usisahau shule zetu nyingi za umma zinataka watoto wanyoe nywele, wavulana kwa wasichana. Kwa hivyo tumemnyoa, kisha tukamvua kofia, kisha tukamsimamisha juani tuimbe wimbo wa taifa.

Watetezi wa hiyo sheria wanasema kofia ni kukosea bendera heshima. Sawa, tuangalie hiyo hoja kwa macho ya mtu wa Nyeri. Baden-Powell, mzee aliyeanzisha skauti, alikufa 1941 na amezikwa hapa hapa Nyeri mjini. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona kaburi lake. Picha yake inayojulikana zaidi ni ipi? Mzee na kofia pana. Na kwa paredi nani hupandisha bendera? Skauti, wakiwa na kofia zao kichwani. Polisi nao wanapiga saluti na kofia. Kwa hivyo kofia haijawahi kuwa tusi kwa bendera. Kama skauti anaruhusiwa kwa sababu ya sare, mtoto anaweza kuruhusiwa kwa sababu ya ngozi.

Hoja ya pili nimeisikia sana: "Lakini hao watoto ni wachache." Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya nzima. Ni kweli, shule nyingi zitakuwa na mmoja, au hakuna kabisa. Lakini huo uchache ndio unafaa kurahisisha mambo. Kuruhusu kofia moja hakuharibu paredi ya watoto 600. Na ukitaka kujua tunapoteza nini tukiwachezea, kumbuka KCPE ya 2017. Nambari moja nchi nzima alikuwa Goldalyn Kakuya, alama 455, msichana mwenye ualbino. Angalia pia Jaji Mumbi Ngugi, aliyefika Mahakama ya Rufaa. Hao walipita kwenye madarasa kama yetu. Wangapi walikaa nyumbani kwa sababu shule ilikuwa inawachoma, kihalisi?

Hoja ya tatu: "Si serikali inawapa losheni?" Ndiyo, na hapa serikali inastahili makofi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni ya jua bila malipo kupitia hospitali za umma. Mzazi anayesoma hii na hajasajili mtoto wake, tafadhali fanya hivyo wiki hii. Jirani zetu Tanzania nao wanatengeneza losheni yao inayoitwa Kilisun, pale Moshi, maalum kwa watu wenye ualbino. Kwa hivyo hatuwezi kusema ni mambo ya wazungu.

Ila piga hesabu na mimi. Losheni inafaa kupakwa upya kila baada ya masaa mawili ukiwa nje. Mama anampaka mtoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya kutoka. Saa mbili na nusu, ile kinga imeanza kuisha. Jua halijaanza hata kazi! Break ya saa nne, mtoto yuko nje na uso mtupu. Lunch, hivyo hivyo. Michezo, hivyo hivyo. Losheni ya nyumbani inamlinda mtoto njiani kuelekea shule, basi. Sehemu ya siku iliyobaki iko mikononi mwa mwalimu. Kama chupa haiko shuleni, na hakuna mtu mzima aliyepewa jukumu la kumkumbusha mtoto wa miaka saba ajipake, ule mpango wa serikali unaishia getini.

Sasa tufanye nini? Sitaki kuwaacha na kelele tu.

Kwanza, kila shule iandike kwenye sheria zake kwamba kofia ya jua ni sehemu ya yunifomu. Si "mtoto wa ualbino aombe ruhusa." Hapana, kwa wote. Ukimruhusu mmoja peke yake umemwekea alama. Wote wakivaa, hakuna anayeangaliwa. Australia shule nyingi zina sheria rahisi: bila kofia, huchezi uwanjani. Hao walianza kampeni yao ya jua mwaka 1981, na leo watoto wanaona kofia ni kitu cha kawaida kama viatu.

Pili, paredi ifupishwe na ifanyike asubuhi na mapema. Matangazo marefu yasomwe darasani. Mwalimu mkuu, hotuba yako ni nzuri, lakini si ya dakika arobaini.

Tatu, PE na mazoezi ya riadha yawe kabla ya saa nne ama baada ya saa kumi. Hii haihitaji shilingi hata moja, inahitaji tu mtu akae chini na ratiba na kalamu.

Nne, chupa ya losheni ikae ofisini, na mwalimu mmoja ajulikane ndiye mwenye hiyo kazi. Huyo huyo ahakikishe mtoto anakaa mbele darasani, mbali na dirisha lenye mwanga mkali.

Tano, miti. Wasee, hapa ndipo tunafaa kuona aibu kidogo. Hii ni kaunti ya Wangari Maathai, mama aliyezaliwa Ihithe, akaanzisha Green Belt Movement 1977 na kushinda Nobeli 2004. Serikali nayo inasema inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Lakini ingia shule nyingi uone miti iko wapi. Iko kwenye ua, imepangwa kulinda mpaka. Uwanjani, watoto wanapocheza, ni nyasi na vumbi. Siku nyingine mkija shule na miche na kamera, ulizeni watoto wanasimama wapi saa sita na nusu. Pandeni hapo.

Kuna mtu ataniuliza, "Wewe uliacha kampasi mwaka wa pili, unatufunza nini kuhusu elimu?" Hakuna haja ya digrii kuona kichwa kisicho na kofia. Katiba yenyewe, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Sijaona mahali imeandikwa "isipokuwa Jumatatu asubuhi."

Sisi vijana hatuko kwenye bodi za shule, na hakuna anayetuita kwenye mikutano ya wazazi. Lakini wengi wetu tuna mdogo wetu, binamu ama mtoto wa jirani aliye PP2 sahi. Kuna wengine hapa wanaenda TP muhula ujao na watapewa zamu ya kusimamia paredi. Wengine mnashona yunifomu pale mjini. Wewe wa kushona, ongeza kofia kwa hiyo seti. Wewe wa TP, ukiona mtoto amefunga macho na kuinamisha kichwa, usipige kelele. Msogeze kivulini kwanza, halafu uulize kofia yake iko wapi.