Programu huria ni ngwatio; vijana wetu wasikose jembe

Kila mwaka vyuo vikuu vilivyouzunguka Mlima Kenya huwatunuku shahada vijana wengi waliosomea taaluma ya tarakilishi. Dedan Kimathi na Karatina katika Nyeri, kisha Kirinyaga, Murang'a, Embu, Chuka na Meru: kote huko majoho huvaliwa, wazazi hupiga vigelegele na mbuzi huchinjwa. Miezi michache baadaye, wengi wa vijana hao huonekana wakipanda na kushuka ngazi za ofisi za Nyeri, Nanyuki na Nairobi, bahasha za kaki kwapani. Mwajiri huifungua bahasha, huitazama shahada, kisha huuliza swali ambalo shahada hiyo haina jibu lake: "Umewahi kutengeneza nini?"

Swali hilo si la uonevu. Atafutaye seremala hutaka kuona kiti. Taabu ni kwamba kijana wetu hana kiti cha kuonyesha. Mradi alioukeshea katika mwaka wake wa mwisho chuoni ulitiwa alama, ukafungiwa kabatini, na hapana mtu aliyeutumia tena hata siku moja. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakiwezi kujiuza kikiwa kimefichwa.

Safu hii yashikilia kwamba ipo njia ya kuutoa uwezo wa vijana hawa kabatini, nayo ni programu huria. Yashikilia pia kwamba walioshika ufunguo wa kabati hilo ni walimu na wahadhiri.

Yafaa ieleweke kwanza tunachokizungumzia. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watungaji wake, huwa wazi kwa kila mtu. Leseni yake humpa mtumiaji ruhusa nne: kuitumia kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala zake, na kuwagawia pia nakala alizozirekebisha. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983 kwa msingi huo. Mwaka wa 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, ambaye alikuwa na umri wa miaka 21, alianza kuandika kiini cha Linux. Leo hii Linux huendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti duniani, na imo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwanafunzi asomaye makala haya.

Waingereza hutatizika kulieleza jambo hili kwa sababu neno lao moja hubeba maana ya uhuru na ya kutolipa. Kiswahili hakina tatizo hilo. Huria si bure. Mtu aweza kuiuza programu huria, na aweza kulipwa kwa kuitengeneza, kuisimika na kuitunza. Asichoweza ni kuwafungia wengine mlango aliopitia yeye mwenyewe.

Wakazi wa Nyeri hawahitaji mgeni wa kuwafafanulia wazo hili. Wazee wetu walikuwa na ngwatio: leo majirani hulilima shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mashamba yote yakaisha. Hapana aliyelipwa ujira, lakini kila mmoja alijulikana kwa jembe lake, na mzembe alijulikana vilevile. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi chenyewe ni tunda la moyo huo. Kilianza mwaka wa 1972 kikiwa taasisi ya ufundi ya harambee, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2012.

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yamewahi kumlisha mtu katika nchi yetu. Yamewalisha wengi. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao kutoka jimbo la Indiana, Marekani, waliokuwa wakiwatibu wagonjwa wa Ukimwi mjini Eldoret, waliona kwamba kumbukumbu za wagonjwa zinawalemea. Wakaanzisha programu huria ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na leo yatumika katika nchi nyingi. Juu ya msingi huo imejengwa KenyaEMR, ambayo hutumika katika mamia ya vituo vya afya nchini. Ushahidi nayo ilizaliwa Januari 2008, katika siku za moto na machozi zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili wananchi waweze kuripoti maovu waliyoyaona. Mwaka wa 2010 programu hiyohiyo ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Nyuma ya kazi hizi wapo watunzi wa msimbo, wakufunzi, wasimikaji na watafsiri, na wengi wao hulipwa mshahara.

Mtu asidhani kwamba ni lazima aishi katika jiji kubwa. Mfano bora wa jambo hili watoka New Zealand, katika wilaya ya mashambani iitwayo Horowhenua, ambayo mji wake mkuu ni Levin. Mwishoni mwa miaka ya 1990, maktaba za wilaya hiyo zilikuwa na mfumo mkongwe ambao haukutarajiwa kuuvuka mwaka wa 2000. Badala ya kununua mfumo wa gharama kubwa, waliwapa kazi mafundi wa kampuni ndogo ya nchini mwao, nao wakatunga Koha, ikaanza kazi Januari 2000. Kisha waliamua kuitoa kwa leseni huria. Leo Koha yatumiwa na maktaba ulimwenguni kote, vikiwemo vyuo vikuu vingi vya Kenya. Ikiwa Levin iliweza, Karatina yaweza vilevile.

Hata hapa kwetu mbegu imekwisha kupandwa. Mwaka wa 2015 kongamano la Data Science Africa lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Dkt. Ciira wa Maina, mhadhiri wa chuo hicho, ni miongoni mwa walioiasisi harakati hiyo. Yeye na wanafunzi wake wametumia tarakilishi ndogo zinazoendeshwa kwa Linux kuwapiga picha wanyamapori katika hifadhi ya chuo, na wameweka vipimo vya kina cha maji katika mto Muringato. Picha hizo za wanyama wamezitoa hadharani, na mtafiti yeyote aweza kuzitumia. Mwanafunzi aliyeshiriki kazi ya namna hiyo akiulizwa ametengeneza nini, hana haja ya kubabaika.

Je, kijana aanze wapi? Wengi hukosea hapa, kwa kudhani kwamba sharti kwanza wawe mabingwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana na achague programu moja anayoitumia mwenyewe. Aisome miongozo yake. Akikuta kasoro, aiandikie watunzi taarifa kamili: alikuwa akifanya nini, alitarajia nini, na ni nini kilichotokea. Baadaye arekebishe jambo dogo, pengine sentensi yenye utata katika mwongozo. Pendekezo lake litapitiwa na watu wenye ujuzi zaidi, na huenda wakalirudisha mara tatu kabla ya kulikubali. Asikasirike, kwa maana masahihisho hayo ni ualimu ambao angeulipia karo mahali pengine. Kila alichokiandika na kila alichojibiwa hubaki hadharani kwa jina lake na tarehe yake. Hicho ndicho kiti cha seremala.

Aidha, mlango huu hauko wazi kwa watunzi wa msimbo peke yao. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka wa 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ulianza kukusanya sauti za Kiswahili zitakazotumiwa na yeyote apendaye kuzifunza mashine lugha yetu. Kazi kama hizi zamhitaji mtu ajuaye ngeli na msamiati. Mwanafunzi wa Kiswahili katika Chuo cha Ualimu cha Kagumo ana nafasi humo sawa na mwenzake wa uhandisi. Kadhalika ipo mipango iwalipayo wanagenzi posho kwa kazi ya miezi michache wakiwa nyumbani kwao: Google Summer of Code, iliyoanza mwaka wa 2005, na Outreachy, iliyoanza mwaka wa 2010 kwa ajili ya wanawake kabla ya kuwafungulia wengine waliosahauliwa katika taaluma hii.

Hata hivyo, itakuwa ni kuwahadaa vijana tukiwaambia kwamba njia hii haina miiba. Aprili 2014 ulimwengu ulishtuka ilipogunduliwa kasoro katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya intaneti. Ilibainika kwamba watunzi wake walikuwa wachache mno, na kwamba michango waliyopokea ilikuwa kiasi cha dola 2,000 hivi kwa mwaka, ilhali makampuni tajiri yalikuwa yakiitegemea bila kutoa chochote. Kwa hivyo kijana asitoe jasho lake kipofu. Ngwatio huwa ngwatio pale zamu inaporudi kwako. Isiporudi, ni kutumikishwa. Na ajipangie muda wa kujifunza na kujulikana, kisha atafute penye malipo: shule, maktaba, hospitali na vyama vya ushirika vinavyohitaji mtu wa kusimika na kutunza. Zaidi ya hayo, siku hizi zipo mashine ziandikazo msimbo zenyewe. Jambo hilo halimwondolei mtu kazi ya kusoma, kupima na kuwajibikia kilichoandikwa. Mwanafunzi aliyezoea kukosolewa hadharani atakuwa na jicho la kuitambua kazi mbovu ya mashine. Aliyezoea kunakili hatakuwa nalo.

Basi tufanye nini? Kwanza, vyuo vikuu vya eneo hili viache kuizika miradi ya mwaka wa mwisho. Kila mradi utolewe kwa leseni huria, na wanafunzi wa mwaka unaofuata waruhusiwe kuuendeleza badala ya kuanza upya mfumo uleule wa hospitali au wa maktaba. Pili, mchango uliokubaliwa katika programu huria inayotambulika uhesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi wengi hukosa pa kuyafanyia.

Tatu, walimu wa shule waitazame maabara yao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 hulinda programu za tarakilishi kama ilindavyo vitabu, lakini nakala za wizi zimezagaa kotekote. Shule ifundishayo kwa nakala ya wizi humfunza mtoto masomo mawili kwa pamoja, na la pili ni wizi. Linux na LibreOffice huweza kufanya kazi katika tarakilishi kuukuu, na mwanafunzi aweza kwenda na nakala yake nyumbani bila kuvunja sheria yoyote. Nne, serikali za kaunti zinaponunua mifumo kwa fedha za umma zidai msimbo uwe wazi, ili mhitimu wa Othaya au Kerugoya aweze kuajiriwa kuutunza. Mfumo uliofungwa hutunzwa na aliyeuuza peke yake, kwa bei aitakayo.

Kwa miaka mingi mkulima wa miteremko hii amepanda kahawa iliyosifiwa duniani, akaiuza mbichi, na faida ya kuikaanga ikabaki ng'ambo. Tarakilishi nazo tumezipokea vivyo hivyo, tukiwa watumiaji wa kazi iliyokamilishwa kwingine. Tofauti ni kwamba safari hii mashine ya kukaangia iko wazi, na hapana aliyetunyima. Mwalimu anayesoma makala haya asingoje waraka kutoka Nairobi. Muhula ujao na achague programu moja huria, akae nayo pamoja na wanafunzi watano baada ya vipindi, na wasiondoke mpaka kila mmoja wao awe na jambo moja alilolirekebisha kwa jina lake. Hao watano, watakapoulizwa wametengeneza nini, watakuwa na jibu.