Ghala Moja, Jina Moja

Walimu wa Kajiado wanalijua vyema tatizo ninalokusudia kulijadili. Mji ambao mwanafunzi wa Rombo aghalabu huupitia akienda Kitengela huandikwa Loitokitok katika hati moja na Oloitokitok katika nyingine. Rombo penyewe pana jina sawa na wilaya iliyo ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania. Binadamu hababaiki. Mashine hubabaika, kwani kwake herufi moja ikizidi, hayo ni majina mawili.

Nalitaja hili kwa sababu kumbukumbu za wanafunzi wetu siku hizi huhifadhiwa katika seva. Wizara ya Elimu ilianzisha mfumo wa NEMIS mwaka 2017, nalo Baraza la Mitihani lina orodha yake ya watahiniwa. Mtoto mmoja akiandikishwa mara mbili na makarani wawili, jina lake la Kimaasai lenye "ole" huweza kuunganishwa huku na kutenganishwa kule.

Wataalamu wa kompyuta walikwisha kulifikiria jambo kama hili. Mnamo 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa utaratibu uitwao NFS, unaoziwezesha kompyuta nyingi kusoma faili zile zile kupitia mtandao, kana kwamba kila moja inazo ndani yake. Katika wingu la leo ghala la data laweza kutengwa na seva, na seva kumi zikachota humo. Seva moja ikiharibika, data hazipotei nayo. Mbili zikitaka kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, moja hufungiwa mlango hadi ile nyingine imalize. Pasipo kufuli hilo, maandishi ya moja huyafuta ya nyingine.

Basi naunga mkono ghala moja. Ila ghala moja hulieneza kosa moja kila mahali, tena kwa mamlaka. Karani akikosea leo, kesho kosa lake ndilo jina la mtoto shuleni, mtihanini na chuo kikuu. (Sisi wanaisimu tumezoea kuona maandishi yakiushinda ulimi.) Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kudai data potofu zimhusuzo zisahihishwe. Haki hiyo yamfaa nini mzazi wa Rombo iwapo sharti aifuate Nairobi? Kabla ya maghala kuunganishwa, kila shule ipelekewe orodha ya majina yaliyomo, isomwe kwa sauti mbele ya wazazi, na mwalimu mkuu awe na idhini ya kusahihisha papo hapo.