Alama za mwaka zisitiwe saini bila kusomwa

Kila mwaka mtumishi wa serikali hapa Uvira anapaswa kupewa alama na mkubwa wake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inataka hivyo, na neno linaloandikwa, toka « Élite » mpaka « Médiocre », lina uzito siku ya kupandishwa cheo. Lakini wangapi, Nyamianda na mitaa mingine, wanaonyeshwa tu pa kutia saini kisha wanarudi kwenye meza zao?

Mshahara ni mdogo, tunaelewa kwa nini mtu anadharau karatasi hiyo. Hata hivyo, pengine ndiyo karatasi pekee ambamo serikali inasema imemwona. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ilibidi majina ya waliopoteza nyumba yaandikwe. Karani aliyeshinda na daftari kwenye matope, « Bon » peke yake inamwambia nini?

Wakubwa waongeze sentensi moja: kazi gani waliiona, na wapi ilipungua. Naye mtumishi aombe kusoma kwanza, hata kama mkubwa ana haraka. Akikuta uongo, aandike hapo hapo kwamba hakubali.