Moto Uliopita Juu ya Ziwa



Tulikuwa ufukweni Ujiji, wanawake wanne wa kanisa, tumetoka kumtazama mgonjwa na tunangoja gari la kurudi Kigoma mjini. Mwezi haukuwepo, na taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa ziwani kama mji mwingine. Ghafla ukaja mwanga, tukaonana nyuso. Moto wa kijani na mweupe ulipita juu ya maji kuelekea milima ya Kongo, ukamwaga cheche, ukazimika. Tukacheka kwa woga. Baada ya dakika kama tatu ndipo ulipokuja mngurumo, na hapo hakuna aliyecheka.

Asubuhi kila mtaa ulikuwa na habari yake. Watu wa Kibirizi walisema moto umeanguka mwaloni kwao. Wa Ujiji wakasema umepita juu ya paa la bibi mmoja mjane. Mama mmoja kijana, ambaye mwanawe alishikwa na degedege usiku uleule, akasema basi, ni yule bibi. Tulimkuta amekwisha kumbeba mtoto mgongoni aende kwa mganga.

“Mwanetu, mtoto alianza lini kuchemka?”

“Juzi, mama.”

Na moto ulipita jana. Tena mbu wa malaria akimwuma mtoto leo, homa huja mara nyingi baada ya siku 10 hadi 15. Alinyamaza, kisha akafuatana nasi mpaka kituo cha afya. Kipimo kilionyesha malaria kali, akalazwa na kuchomwa sindano. Wako wanaosema sindano humwua mtoto wa degedege. Sisi tulioshinda wodini tumeona kinachoua ni kuchelewa. (Akishikwa, mlaze ubavu, wala usimtie kijiko mdomoni.)

Moto ule ni kimondo: jiwe au chuma kutoka anga za mbali, kinachoingia hewani kwa kilomita zaidi ya 11 kwa sekunde. Huanza kuwaka kilomita 80 hadi 100 juu yetu, ndiyo maana kila mtu huona kimepita kwake, na sauti huchelewa kufika. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, kina uzito wa tani 16 hivi. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalinyesha mchana, na kimoja cha gramu 3.6, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari, kiligonga jani la mgomba kisha kichwa cha kijana, hakuumia. Huko Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013 waliumia zaidi ya elfu moja, wengi kwa vioo, kwa kuwa waliona mwanga wakakimbilia madirishani kabla mshindo haujafika.

Mtoto alirudi nyumbani siku ya nne. Jioni ile tukampitia yule bibi. Usiku wa moto alikuwa amelala mapema na hakuona kitu. Akatusogezea mkeka, akatuomba tumsimulie ulikuwaje.