Swala ya Bakora

Mtaani kwetu baba mmoja humwamsha mwanawe wa miaka 13 kwa bakora aende swala ya alfajiri. Kijana huenda, ndiyo, lakini baba akisafiri, hulala mpaka jua la utosi. Jirani yake hashiki bakora, wala hamwachii bintiye ajiamulie tu: huswali naye, humweleza sababu, na akiulizwa jambo gumu hakasiriki. Binti huyo hufunga Ramadhani bila kuchungwa.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mmarekani, Diana Baumrind, alitenganisha malezi ya mabavu, kama ya baba wa bakora, ya kulegeza, na ya msimamo wenye maelezo, kama ya jirani. (Bibi yangu aliyajua hayo, ingawa naye aliipenda bakora.)

Basi, walimu wa madrasa na wa kipaimara, ikiwa malezi ya dini huanza nyumbani, mbona kwenye vikao vyenu huwaita vijana tu, wazazi hamwaiti?

Msomaji wenu,
Tanga