Adhana ya Asiyeona



Skuli zetu zina desturi njema ya kumwalika mgeni mwenye ulemavu awape watoto moyo. Watoto humsikiliza, humpigia makofi, na mwisho huambiwa kuwa mwenye nia hashindwi. Maneno ni mazuri, lakini ni nusu ya somo. Nusu ya pili tunaipata kwa Sahaba Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.).

Alikuwa kipofu. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka elimu, na Sura Abasa ikateremshwa kwa sababu yake. Madina akawa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.). Bilal aliadhini usiku ungalipo, watu wakaendelea kula daku; adhana ya Ibn Ummi Maktum ndiyo iliyowazuilia chakula wafungao. Naye alfajiri haioni! Alingoja aambiwe kuwa kumekucha, ndipo aadhini.

Basi hakunyimwa kazi kwa kuonewa huruma, wala hakuachwa apambane peke yake. Sauti ilikuwa yake; macho aliazimwa na wenziwe.

Mgeni akishaondoka skulini, mwalimu na aulize: nani atamsomea mwenzake ubao? Nani atamsukumia kiti cha magurudumu hadi madrasa? Nasi wazazi tujiulize kama yuko mtoto tuliyemficha chumbani kwa kuona aibu, ilhali kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa haki ya kusoma. Tumtoe, tumwandikishe, kisha tumwazime kile anachokikosa.

Wabillahi tawfiq.