YOGA, FALSAFA NA UTULIVU WA NAFSI

 

Ndugu Waislamu, vijana wetu wanaofanya kazi katika kambi za watalii pale Mikumi huwaona wageni wakitandika mikeka asubuhi, wakikunja viungo na kuvuta pumzi polepole. Kijana mmoja alituuliza baada ya swala ya Isha: je, Muislamu aruhusiwa kufanya hivyo? Kabla hajajibiwa, sauti tatu zilikwisha kutoa hukumu: haramu!

Wanazuoni hawakuwa na pupa namna hiyo. Baraza la Fatwa la Malaysia, mwaka 2008, liliwakataza Waislamu yoga kwa kuwa huchanganya mazoezi ya mwili na itikadi na matamko ya ibada ya Kihindu. Baraza la Maulamaa la Indonesia, mwaka 2009, lilikataza ile yenye matamko hayo, likaacha iliyo mazoezi matupu. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliitambua kuwa shughuli ya michezo. Sisi twaona rai ya Indonesia ndiyo yenye uadilifu zaidi: kunyoosha mgongo si shirki, bali kumtaja mungu mwingine ni jambo jingine kabisa. Na ifahamike kwamba Waislamu hawakuijua yoga jana. Al-Biruni, yapata miaka elfu iliyopita, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, akakisoma kwa insafu na dini yake ikabaki salama.

Ama falsafa, Imam Ghazali aliwakosoa vikali wanafalsafa, lakini mantiki na hesabu hakuzikataa. Na sayansi? Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki nane ya kuwatuliza wagonjwa, akichota katika mila za Kibudha na yoga. Madaktari wanafahamu kuwa pumzi ndefu ya polepole hupunguza mapigo ya moyo. Hili halina dini.

Linalotusikitisha ni kwamba aliyepaza sauti kuliko wote, usiku uleule tulimwona akiswali sunna kwa kudonoa kama kuku. Mtume (s.a.w.) alimrudisha mtu aliyeswali kwa haraka mara tatu, kisha akamfundisha kutulia katika kila nguzo. Mgeni wa Mikumi akaa robo saa nzima akiangalia pumzi yake. Sisi dakika mbili za sijda zatushinda, kisha twamcheka!

Wala jambo hili haliishii msikitini. Tarehe 8 Desemba 2000, ndani ya mwezi wa Ramadhani, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba utulivu wa nafsi ungemaliza ugomvi ule. Mzizi wake ni ardhi na maji, na hakuna mkao wala pumzi iwezayo kugawa mashamba kwa haki. Hilo ni deni la wenye mamlaka. Lakini baina ya ng'ombe kuingia shambani na panga kuinuliwa kuna kitambo kidogo, nacho ni cha mtu na nafsi yake. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ghadhabu, akiwa amesimama, akae, isipomwondoka, alale. Ni wangapi miongoni mwetu wamepata kuijaribu sunna hii mpakani mwa shamba, si darasani tu?

Basi twawaomba makhatibu wa Kilosa, Kimamba, Rudewa na Mikumi waitenge Ijumaa moja kwa ajili ya ghadhabu, na maimamu wawape maamuma nafasi ya kutulia katika rukuu na sijda, hata kama wenye haraka watanung'unika. Yule kijana naye aambiwe: anyooshe viungo vyake, aache matamko, na Alfajiri awe amekwisha kuswali kabla wageni hawajatandika mikeka yao.